Waya wa dishi na antena nje ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa waya maana yake ni kebo koaksia: ule waya wa mviringo wenye uzi mmoja katikati, unaotoka kwenye dishi, antena au nguzo ya mtandao na kuingia kwenye king'amuzi, televisheni au modemu. Ndani ya nyumba waya huu husamehe makosa mengi. Nje hausamehi, na mara nyingi anayelaumiwa ni dishi au king'amuzi huku ubovu uko kwenye waya au vichwa vyake.

Ndani ya waya huu kuna nini, na kwa nini nijali?

Ukiukata utaona tabaka nne. Katikati kuna uzi wa metali. Kisha povu jeupe la plastiki, juu yake karatasi ya alumini pamoja na wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda la nje. Mawimbi hayapiti kama maji bombani. Yanasafiri katika ile nafasi ya povu, kati ya uzi wa katikati na wavu, na umbali kati ya viwili hivyo unatakiwa kuwa uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Wazo lenyewe ni la zamani: Oliver Heaviside alipata hataza yake Uingereza mwaka 1880.

Nalitaja hilo la umbali kwa sababu sheria nyingi zilizo hapa chini zinatoka hapo. Waya uliopondwa na msumari, uliokunjwa kwa nguvu au ulioingia maji umeharibika kwenye povu, hata kama uzi wa katikati ni mzima na mita ya kupimia umeme inasema "unapitisha".

RG-59, RG-6 au RG-11?

Kwa nyumba ya kawaida, RG-6. Herufi RG ni masalio ya majina ya kijeshi ya Marekani, na siku hizi hazimbani mtengenezaji. Waya mbili zilizoandikwa RG-6 zinaweza kutofautiana sana kwa ubora, kwa hiyo usinunue jina peke yake.

Tofauti kubwa ni unene. Uzi wa katikati wa RG-59 una kama milimita 0.8, wa RG-6 milimita 1, wa RG-11 milimita 1.6. Kadiri unavyokuwa mnene ndivyo mawimbi yanavyopotea kidogo njiani. Kwenye masafa ya megahezi 1000, mita 100 za RG-59 hupoteza takriban desibeli 27, za RG-6 takriban 21, za RG-11 takriban 14. Desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda; zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi.

Masafa nayo yana uzito wake. Dishi linateremsha mawimbi kati ya megahezi 950 na 2150, na huko juu kabisa RG-6 hupoteza kama desibeli 32 kwa kila mita 100. Ndiyo maana waya uliokuwa ukitosheleza antena ya zamani unaweza kushindwa ukifungwa kwenye dishi.

Hadi mita 40 au 50 za dishi, RG-6 nzuri inatosha. Zaidi ya hapo fikiria RG-11, ukijua kwamba ni mgumu kukunja na unataka konekta, yaani vichwa, zake wenyewe. RG-59 uwaachie wanaofunga kamera za ulinzi za analogi, nao wachague yenye shaba tupu katikati na wavu wa shaba, kwa sababu picha za kamera hizo hutumia masafa ya chini pia.

Nina waya wa omu 50 uliobaki kwenye kazi ya redio. Nitumie?

Kwa kupokea televisheni tu, utafanya kazi, kwani kinachorudi nyuma pale waya wa omu 50 unapokutana na kifaa cha omu 75, kama vilivyo vya televisheni, ni kama asilimia 4 ya nguvu. Tatizo ni konekta, hazitakaa sawasawa. Kwenye mtambo wa kurusha mawimbi usifanye mchezo huo.

Muuzaji anasema wake ni "shaba". Nitajuaje, na je, ni lazima?

Nenda na sumaku ndogo. Ikinasa uzi wa katikati, hicho ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa, kwangua uzi kwa ncha ya kisu: ukiona weupe chini ya wekundu ni alumini iliyopakwa shaba, ukiona wekundu mpaka ndani, ni shaba kweli.

Sasa je, ni lazima? Watu hubishana sana hapa, na wengi hubishana bila sababu. Umeme unaofuatana na mawimbi ya masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya uzi, si kiini chake. Kwa hiyo chuma chenye koti la shaba huyapitisha vizuri kabisa, na tena ni kigumu, hakipindi unapokichomeka kwenye tundu. Kwa antena ya kawaida isiyo na kifaa kinachohitaji umeme juu, sioni haja ya kulipia zaidi.

Dishi ni habari nyingine. Waya huohuo unaoshusha mawimbi ndio unaopandisha umeme wa LNB, kile kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, na umeme wa moja kwa moja hutumia uzi wote, si ngozi tu. King'amuzi hupeleka volti 13 kuomba mawimbi yaliyosimama wima na volti 18 kuomba yaliyolala. Mita 50 za RG-6 ya chuma zina ukinzani wa omu 4 na nusu hivi kwenye uzi wa katikati. Za shaba zina omu 1 tu. LNB moja ikivuta miliampea 200, unapoteza karibu volti 1 kwenye ule wa chuma. Hiyo bado inavumilika. Lakini ongeza swichi ya madishi mawili, ongeza mota ya kuzungusha dishi, ongeza konekta yenye kutu, na zile 18 zinafika juu zikiwa zimepungua kiasi kwamba LNB inadhani imeombwa 13. Utaona kundi moja la chaneli limepotea lote huku mengine yako safi. Ukiona dalili hiyo, usianze kugeuza dishi.

Kwa kifupi: dishi lenye waya wa mita 20, chochote kizuri kitafaa; waya mrefu, au vifaa vingi vinavyokula umeme huko juu, chukua shaba tupu.

Ganda jeusi au jeupe?

Jeusi, na si kwa urembo. Weusi wake unatokana na masizi ya kaboni yaliyochanganywa na plastiki, nayo huzuia miale ya jua isivunjevunje ganda. Waya mweupe wa ndani ukiachwa juani hugeuka njano, hukauka, kisha hupasuka pale ulipokunjwa. Ufa huo ndio mlango wa maji.

Angalia pia aina ya plastiki, mara nyingi imeandikwa ubavuni. PE ndiyo ya nje: ngumu, inakataa maji. PVC ni laini na ni nzuri zaidi ndani, kwa kuwa PE ya kawaida ikishika moto huwaka kwa urahisi. Kwa hiyo waya wa nje ukishaingia ndani, usiuzungushe nyumba nzima. Uishie karibu na ukuta, kisha endelea na waya wa ndani.

Tabaka mbili za ngao, tatu au nne?

Ngao ni ile karatasi ya alumini na wavu. Tabaka mbili zinatosha watu wengi. Chukua nne kama uko karibu na mnara wa simu, maana masafa ya simu za kizazi cha nne yanapakana na ya televisheni na hupenya kwenye ngao hafifu. Ukichukua nne, nunua na konekta za unene huo. Ya tabaka mbili haiingii hapo, na ukiilazimisha utaivunja au utaurarua wavu.

Konekta gani hudumu nje?

Ziko za aina tatu. Za kuzungusha kwa mkono kama parafujo, za kubana kwa koleo, na za kugandamiza kwa kifaa maalumu. Za kuzungusha zina faida moja: hazihitaji kifaa. Nje ya nyumba ni kosa. Zinashika ganda kwa juujuu, hulegea waya unapotikiswa na upepo, na maji huingia kwa nyuma. Hizo za kugandamiza huziba nyuma pande zote, na kifaa chake ukikinunua mara moja utakitumia miaka.

Kukata kwenyewe ndiko kunakowashinda wengi. Ondoa ganda hadi uache wavu wa kama milimita 6, kisha mbele yake uache uzi wa katikati mtupu wa milimita 6 hivi. Zikunje nyuzi zote za wavu nyuma, juu ya ganda, hata ule mmoja unaojificha, kwa sababu uzi mmoja ukigusa katikati ni shoti, na king'amuzi kitakataa kupeleka umeme kabisa. Ile karatasi ya alumini iliyogandia povu iache ilivyo. Sukuma konekta hadi povu jeupe lilingane na sakafu ya ndani. Uzi wa katikati utokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Ukiwa mfupi hautagusa, ukiwa mrefu utaharibu tundu la kifaa. Na usiukwangue kwa kisu ukidhani unausafisha. Ukiondoa koti la shaba umebaki na chuma kinachongoja kutu.

Nimekaza konekta vizuri. Maji yanaingiaje?

Yanaingia kwenye meno ya nati, yanaingia nyuma ya konekta, yanaingia kwenye ufa wowote wa ganda. Yakishafika kwenye wavu, hupanda na kushuka kama mafuta kwenye utambi. Siku moja nilifungua king'amuzi kilichokufa nikakuta ukijani wa kutu na maji kwenye tundu la waya, ilhali chumba kilikuwa kikavu na paa halikuvuja. Maji yalikuwa yameteremka ndani ya waya kutoka kwenye dishi, mita 15 nzima, kwa sababu konekta ya juu iliachwa bila kufunikwa.

Ufunikaji wenyewe ni huu. Konekta ikiwa kavu, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye meno. Kaza kwa mkono, kisha robo zamu kwa spana. Halafu chukua tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, ivute mpaka irefuke karibu mara mbili, na uizungushe ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Kuanzia chini ni kwa sababu ileile inayofanya paa liezekwe kuanzia chini: maji yateleze juu ya maungio, yasiingie chini yake. Juu yake weka tabaka la tepu nyeusi ya umeme kuzuia jua. Tepu ya umeme peke yake haitoshi, gundi yake huyeyuka juani.

Kuhusu gundi ya silikoni: ile yenye harufu ya siki usiipake kwenye konekta. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hula shaba.

Nipitishe wapi, na nishike na nini?

Chini ya upenu wa paa, ambako jua na mvua hupungua, ndiko kuzuri. Fuata kona na kingo za ukuta. Usilaze waya juu ya mabati ya moto wala ndani ya mfereji wa maji ya mvua.

Shikilia kwa klipu zenye ukubwa wa waya, kila nusu mita hivi. Pini za stepla ni adui mkubwa. Inayobana kidogo tu huponda povu, na sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Kamba za plastiki za kufungia nazo zisikazwe mpaka ganda libonyee, na za nje ziwe nyeusi, maana nyeupe hukatika baada ya misimu michache ya jua. Kwenye kona, usikunje RG-6 kwa kipimo kidogo kuliko kipenyo chake mara kumi, yaani mpindo wenye nusu-kipenyo cha sentimita 7. Kona ya mshazari inayoonekana mbaya ni bora kuliko kona kali iliyonyooka kama rula.

Nitoboe ukuta vipi?

Kwanza jua nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi ukutani. Tundu likiwa sambamba na soketi au swichi, juu au chini yake, ni la kuogopa. Toboa kwa mshazari ili upande wa nje uwe chini kuliko wa ndani. Waya kabla ya kuingia ushuke chini ya tundu kama sentimita 15, uzunguke, kisha upande na kuingia. Maji yanayotembea juu ya ganda yatadondokea pale chini badala ya kufuata waya hadi sebuleni. Ziba tundu baada ya kujaribu kila kitu, si kabla.

Naweza kuuzika?

Ndiyo, kama umetengenezwa kwa kuzikwa. Waya wa namna hiyo una ganda nene la PE na uji unaonata ndani, unaoziba mwanya wowote ukikwaruzwa. Unachafua mikono na nguo, na hilo ndilo jambo lake baya pekee.

Bomba la plastiki husaidia dhidi ya jembe na panya, na hukupa nafasi ya kubadilisha waya bila kufukua. Lakini usidhani bomba ni kavu. Mvuke huganda ndani yake na maji hukaa chini, kwa hiyo hata ndani ya bomba weka waya wa kuzikwa. Kila unapovuta waya, vuta na kamba ya akiba. Panapolimwa nenda nusu mita chini, na juu kidogo ya bomba laza utepe wa rangi kali ili anayechimba kesho aone kabla hajakata. Usiache muungo wowote chini ya ardhi.

Na kuvuta hewani hadi jengo la pili?

RG-6 ya kawaida haikuumbwa kujibeba. Ikining'inia hurefuka taratibu, uzi wa katikati huvutika ndani ya konekta, na siku ya upepo picha hukatika. Tumia aina iliyoshikamana na waya wa chuma wa kubebea: chuma hicho ndicho kifungwe kwenye ndoano, na koaksia ibaki imelegea. Acha mbonyeo kidogo; waya uliokazwa kama uzi wa gita hukatika haraka.

Umbali gani na nyaya za umeme?

Usiziweke kwenye bomba moja, hata kama kuna nafasi. Ngao inaweza kuzuia kelele, lakini haikuokoi ganda la umeme likichubuka na kugusa wavu. Zikiwa sambamba, acha angalau sentimita 10 ukutani na 30 ardhini. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba. Nyaya za umeme zinazotoka nguzoni ni jambo la uhai: weka nguzo ya antena mahali ambapo hata ikianguka yote haitazifikia, na usiinue bomba la chuma au ngazi ya alumini karibu nazo.

Ethi ni ya lazima? Radi haipigi kwetu mara nyingi.

Ethi ni njia ya kupeleka umeme ardhini, na radi haihitaji kupiga dishi lako. Ikipiga mbali, huacha umeme kwenye waya mrefu wa nje, na umeme huo hutafuta njia kupitia king'amuzi chako. Upepo mkavu nao huchaji antena.

Pale waya unapoingia nyumbani weka kipande cha ethi, kile cha metali chenye tundu huku na huku na parafujo ya waya. Kutoka hapo peleka waya wa shaba, mfupi na ulionyooka iwezekanavyo, hadi kwenye ethi ya umeme wa nyumba. Wengi hukosea hapa: huchimbia fimbo yao mpya ya ethi pembeni na kuishia hapo. Fimbo mbili zisizounganishwa hutofautiana volti wakati wa radi, na tofauti hiyo hupita ndani ya televisheni. Ukiweka fimbo ya pili, iunganishe na ya kwanza. Nguzo ya antena juu ya paa iwe na waya wake mnene. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60728-11 kinataka shaba isiyopungua milimita za mraba 16.

Hakuna kati ya hayo kinachozuia radi ya moja kwa moja. Wingu likijikusanya, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme, vyote viwili. Na usichomoe radi ikiwa imeshaanza kunguruma karibu.

Waya umekuwa mfupi. Niunge?

Ukiweza kubadilisha wote, badilisha. Usipoweza, unga kwa konekta mbili na kiungo cha pipa, kile kinachofika megahezi 3000 kwa ajili ya dishi, na muungo uwe chini ya upenu. Kusokota nyuzi na kuzifunga tepu si kuunga. Umefungua mlango wa kelele na maji kwa pamoja.

Splita, kigawanya mawimbi, ni kitu kingine. Ya njia mbili hupunguza kila upande kwa desibeli 3.5 hivi, ya njia nne kwa 7 au zaidi. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo cha omu 75. Na splita haitakupa ving'amuzi viwili huru kwenye dishi moja: kimoja kitaomba volti 13, kingine 18, na LNB haiwezi kutii mabwana wawili. Hapo nunua LNB yenye midomo miwili na uvute nyaya mbili.

Kiongeza nguvu kitanisaidia?

Kikiwa karibu na antena, kabla waya haujala mawimbi, ndiyo. Kikiwa nyuma ya televisheni kitakuza kelele pamoja na picha. Usikinunue kabla ya kukagua konekta.

Nitajaribuje waya kabla ya kuziba kila kitu?

Chomoa pande zote mbili. Mita ikiwa kwenye omu, gusa uzi wa katikati na konekta: isisome kitu. Ikisoma, kuna shoti. Kisha unganisha viwili hivyo upande wa mbali kwa kipande cha waya; sasa isome omu chache. Isiposoma, pamekatika. Kipimo hiki hakioni maji wala povu lililopondwa. Hivyo utavitambua kwa kuangalia kiwango cha mawimbi kwenye king'amuzi, halafu kukiangalia tena baada ya mvua.

Nyumba ina waya wa zamani. Niuache?

Kata sentimita 30 za upande wa juu, uchubue. Wavu ukiwa unang'aa, weka konekta mpya na uendelee. Ukiwa mweusi au una unga wa kijani, kata nyingine 30. Ukikuta weusi tena, acha kukata. Ule waya tumia kama kamba ya kuvutia mpya.